Kukusanya Malipo katika Kliniki ya Meno: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Mtwara na Lindi

Kliniki nyingi za meno huku kusini hazikosi wagonjwa. Zinachokosa ni fedha ya kununulia ganzi na glavu mwezi unapofika katikati, ilhali daftari la wadaiwa limejaa majina. Nimesimamia hesabu za kituo cha meno mjini Mtwara kwa miaka kadhaa, na nimejifunza kwa hasara kwamba deni huzaliwa kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti, pale ambapo hakuna aliyemtajia gharama wala aliyemuuliza fedha yake huingia lini. Mkulima wa Tandahimba, mvuvi wa Mikindani na mwalimu wa Nachingwea wote wanaweza kulipa bili ileile, lakini hawawezi kuilipa siku moja. Kituo kinachowapangia wote tarehe moja kitawaita wawili kati yao wadaiwa sugu bila kosa lao.

Mwongozo huu unafuata safari ya bili tangu mgonjwa anapoingia mlangoni hadi fedha inapoonekana kwenye akaunti. Bei zote nitakazotaja ni za mfano, kwa ajili ya kuonyesha hesabu.

Hatua ya kwanza: fahamu unadai nini hasa

Kabla ya kubadili utaratibu wowote, tenga siku moja utoe mafaili yote yenye salio na kuyaandika upya katika orodha moja. Kila mstari uonyeshe jina, namba ya simu, huduma iliyotolewa, tarehe ya huduma, bili kamili, kilicholipwa na kilichobaki. Kisha gawa madeni hayo kwa umri wake: yasiyozidi siku 30, ya siku 31 hadi 60, ya siku 61 hadi 90, na yaliyovuka siku 90. Madai ya bima yakae katika orodha yake peke yake, kwa sababu yanachelewa kwa sababu nyingine na yanadaiwa kwa njia nyingine.

Baada ya hapo fanya hesabu mbili. Ya kwanza inaonyesha fedha yako imelala nje kwa siku ngapi. Tuseme kituo hutoa bili za shilingi 12,000,000 kwa mwezi, yaani wastani wa shilingi 400,000 kwa siku. Kama madeni yote ni shilingi 14,000,000, basi kazi ya siku 35 haijalipwa. Ya pili inaonyesha kiwango cha ukusanyaji: toa punguzo ulilokubali kwenye bili za mwezi, kisha linganisha na fedha zilizopokelewa kwa bili hizo hizo. Bili za shilingi 12,000,000 zikiwa na punguzo la shilingi 500,000, unachostahili ni shilingi 11,500,000. Ukipata shilingi 10,350,000 umekusanya asilimia 90. Rudia hesabu hizi kila mwisho wa mwezi na uzibandike mahali ambapo daktari na mhudumu wa mapokezi wote wanaziona, maana daktari asiyejua hali ya madeni huendelea kuahidi wagonjwa mambo ambayo mapokezi hawawezi kuyasimamia.

Hatua ya pili: bei ijulikane kabla ya ganzi

Mgonjwa mwenye maumivu hukubali kila kitu. Akiulizwa kama atalipa, atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri maumivu yanavyomruhusu kufikiri. Makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu baada ya ganzi kuisha, na kosa ni letu sisi tuliomuuliza wakati huo na kwa namna hiyo.

Weka bei za huduma za kawaida ubaoni: kumwona daktari, picha ya eksirei, kung'oa jino, kuziba, kusafisha meno. Kwa huduma kubwa kama matibabu ya mzizi wa jino, kofia ya jino, meno bandia au waya za meno, bei ya ubaoni haitoshi, kwa sababu gharama hutegemea daktari ameona nini. Hapo andika makisio kwenye karatasi: jino gani, kazi gani, mahudhurio mangapi, jumla ya gharama, na jambo linaloweza kuongeza gharama hiyo. Karatasi iwe na nakala mbili, mgonjwa asaini na aondoke na yake.

Ni vizuri kazi mbili zitenganishwe. Daktari aeleze ugonjwa na njia za matibabu, kisha mtu wa mapokezi aeleze gharama, wakiwa wamekaa, mahali ambapo wengine kwenye benchi hawasikii. Mazungumzo yafuate adabu ya kwetu. Binti wa mapokezi huanza kwa shikamoo, hungoja marahaba, kisha husema: “Mama, daktari amesema jino linaweza kuokolewa na kuwekewa kofia kwa mahudhurio manne. Gharama yote ni shilingi 400,000. Je, ungependa tupange malipo yafuate mahudhurio, au una njia nyingine inayokufaa zaidi?” Swali la namna hiyo humpa mtu nafasi ya kusema ukweli bila kuaibika. Swali la “Unayo hela?” humfunga mdomo, na wengi wakishaulizwa hivyo mbele za watu hawarudi tena, hata kama jino limeachwa wazi nusu ya matibabu.

Jambo moja lisiguswe na utaratibu wowote wa malipo. Mgonjwa mwenye uvimbe unaoenea chini ya taya au shingoni, anayeshindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa, anahudumiwa au kupewa rufaa mara moja, iwe ni hospitali ya Ligula mjini Mtwara, ya Sokoine mjini Lindi au iliyo karibu, na mazungumzo ya fedha yatafuata baadaye. Usaha wa jino unaweza kuua, na hakuna bili yenye thamani ya uhai wa mtu.

Hatua ya tatu: funga malipo kwenye mahudhurio

Udaktari wa meno una bahati ambayo fani nyingine za tiba hazina: kazi zake kubwa hufanyika kwa vipande, na kila kipande kina siku yake. Tumia vipande hivyo. Katika mfano wa shilingi 400,000, mgonjwa anaweza kulipa 150,000 siku ya kufungua jino na kusafisha mizizi, 100,000 siku ya kuijaza, na 150,000 siku ya kuchukua kipimo cha kofia. Ukiangalia vizuri utaona kwamba malipo yote yamekamilika kabla kofia haijaagizwa.

Hilo lina sababu. Kofia na meno bandia hutengenezwa na fundi wa maabara ya meno, na vituo vingi vya huku hutuma vipimo hadi Dar es Salaam, kisha kazi iliyokamilika hurudi kwa basi. Fundi anataka fedha yake, na msafirishaji vilevile. Ukituma kipimo ambacho mgonjwa hajalipia, unakuwa umemkopesha fedha taslimu, na meno yale yakirudi hayamfai mtu mwingine yeyote duniani. Katika kituo chetu tuliwahi kuwa na kabati lenye seti kadhaa za meno bandia ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, na kila seti ilikuwa imelipiwa na sisi. Tangu tuweke kanuni kwamba kipimo hakitoki mlangoni kabla gharama ya maabara na usafirishaji haijafika, kabati lile halikuongezeka hata seti moja. Kama ni kanuni moja tu utakayoichukua kutoka katika mwongozo huu, chukua hiyo.

Kwa kung'oa na kuziba jino moja, hakuna haja ya awamu. Mgonjwa alipe kabla ya kuingia chumba cha matibabu, na tofauti ikitokea, kwa mfano jino likikatika na kuhitaji upasuaji mdogo, daktari aandike kwenye kadi sababu ya nyongeza ili dirishani pasiwe na ubishi.

Hatua ya nne: soma kalenda ya mfuko wa mgonjwa

Hapa ndipo vituo vyetu vinapotofautiana na vya miji mikubwa. Sehemu kubwa ya fedha ya mikoa hii inatoka shambani na baharini, na fedha hiyo ina majira.

Korosho huanza kuvunwa kuelekea mwisho wa mwaka na minada hupamba moto kuanzia Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye zao hili mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, zikauzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao, na fedha ikaingia baada ya mnada. Maana yake ni kwamba mkulima aliyefikisha gunia ghalani leo hana fedha leo. Ufuta nao huuzwa katikati ya mwaka, na kwa wakulima wengi wa Lindi hiyo ndiyo fedha ya pili ya kutegemea.

Sasa fikiria mkulima anayekuja mwezi Agosti, mikorosho ikiwa kwenye maua, na anahitaji meno bandia. Ukimbana alipe yote ndani ya mwezi, njia iliyo wazi kwake ni kangomba: kuuza korosho kabla hazijaiva, kwa bei ya kutupa, kwa mlanguzi ambaye tayari ana fedha mkononi. Biashara hiyo hairuhusiwi, na humwacha mkulima akiwa maskini zaidi msimu unapofika. Sipendi bili yetu iwe chanzo cha jambo hilo, na hata kwa hesabu kavu ya kituo halina faida, kwa sababu mtu aliyeuza mazao yake kwa kangomba hatakuwa na fedha ya mahudhurio yanayofuata.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mkulima alipe sehemu ya kwanza inayofunika gharama ya maabara na vifaa, na salio lifungwe kwenye malipo ya mnada. Katika makubaliano andika jina la AMCOS yake, na uandike tarehe mbili: ile anayotarajia kupata fedha, na tarehe ya mwisho ambayo mtakaa tena hata kama fedha haijatoka. Tarehe hiyo ya pili ni ya lazima. Katika msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa miezi, na makubaliano yaliyosema tu “nikilipwa korosho” yalining'inia hewani pamoja nao. Tarehe ya kukaa tena hailazimishi malipo. Inalinda mazungumzo yasife.

Kwa wavuvi, mwezi wa angani una uzito kuliko mwezi wa kalenda. Wanaovua dagaa kwa taa hutegemea giza, na siku za mbalamwezi kipato hupungua au hukatika. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hukaa ufukweni. Muulize mvuvi mwenyewe ni lini anatarajia kutoka, naye atakutajia bila kusita. Kisha gawa salio lake katika malipo madogo ya kila wiki badala ya moja kubwa la mwisho wa mwezi. Watumishi wa umma ni rahisi zaidi, kwani mshahara wao huingia katika siku kumi za mwisho wa mwezi, hivyo ahadi ya tarehe 10 ni ahadi mbaya hata kama mtumishi mwenyewe ndiye aliyeitamka. Kwa mama lishe na wenye maduka, malipo madogo ya mara kwa mara hufanya kazi vizuri, na wengine hupenda kuanza kuweka akiba kituoni kabla matibabu hayajaanza, au kungoja zamu yao ya upatu. Wapokee, lakini kila shilingi ya akiba iwe na risiti na iandikwe kama fedha ya mgonjwa hadi huduma itakapotolewa.

Hatua ya tano: mlango mmoja wa fedha

Fedha iingie kwa njia chache na zinazojulikana. Weka namba ya malipo ya biashara, ile ambayo watu huiita Lipa Namba, iliyosajiliwa kwa jina la kituo, na uiandike kwa maandishi makubwa dirishani, kwenye karatasi ya makisio na kwenye kadi ya mgonjwa. Mgonjwa aone jina la kituo kwenye simu yake kabla ya kuweka namba ya siri. Piga marufuku malipo kwenye simu binafsi ya mfanyakazi yeyote, akiwemo daktari na mmiliki. Hata pale ambapo hakuna nia mbaya, fedha iliyoingia kwenye simu ya mtu huchanganyika na matumizi yake, na bili hubaki ikisoma deni wakati mgonjwa amekwishalipa. Hakuna kinachoharibu jina la kituo kama kumdai mtu aliyelipa.

Kila malipo yatolewe risiti ya mashine ya kielektroniki kama sheria ya kodi inavyotaka, hata kama ni sehemu ya deni. Jioni, anayepokea fedha afunge hesabu yake, na mtu mwingine alinganishe mambo matatu: kadi za wagonjwa walioonwa na daktari siku hiyo, risiti zilizotolewa, na fedha zilizopo kwenye sanduku na kwenye simu ya kituo. Kadi isiyo na risiti wala makubaliano ya deni iulizwe jioni hiyo hiyo, kwa kuwa baada ya siku tatu hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya sita: bima

Madai ya bima hupotea kwa makosa madogo ya karatasi kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Kwa wanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na bima nyingine, hakiki uanachama na upate idhini kabla ya huduma, na uangalie kama huduma iliyokusudiwa imo katika kifurushi cha mgonjwa huyo. Kama haimo, mwambie wakati huo, si wakati wa kuondoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaelekeza nchi kwenye bima kwa kila mkazi, kwa hiyo kituo kinachozembea katika kujaza fomu leo kitaumia zaidi kadiri wanachama wanavyoongezeka.

Kosa linaloonekana mara nyingi katika madai ya meno ni namba ya jino. Daktari akiandika 36, yaani gego la kwanza la chini upande wa kushoto, na fomu ikasoma 46, lile la upande wa kulia, dai linaweza kukataliwa hata kama kazi ilifanyika vizuri. Ni hivyo hivyo kwa saini ya mgonjwa iliyosahaulika, tarehe isiyolingana na idhini, au jino linalodaiwa kuzibwa wakati kumbukumbu zinaonyesha liling'olewa. Kagua fomu siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado anangoja dawa. Peleka madai ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba wako, na malipo yakija, yalinganishe na madai mstari kwa mstari. Kila kilichokatwa kiwe na sababu. Kinachoweza kurekebishwa kirudishwe mapema, na kisichorekebishika kifundishwe kwa wafanyakazi kwenye kikao cha wiki.

Hatua ya saba: kukumbusha bila kudhalilisha

Mkumbushe mgonjwa siku mbili kabla ya tarehe ya ahadi, tena siku yenyewe, kisha siku ya saba baada ya kupita. Baada ya siku 30 mhudumu apige simu, na baada ya siku 60 apige meneja mwenyewe. Ujumbe uwe mfupi na wa heshima: “Shikamoo mzee. Tunakukumbusha makubaliano yetu ya Ijumaa tarehe 14. Namba ya kulipia iko kwenye kadi yako. Ukiwa na jambo la kuzungumza, tupigie kwa namba hii. Ahsante, mapokezi.” Usitaje ugonjwa wala matibabu, kwa sababu simu nyingi hushikwa na watu wengi nyumbani, na taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwulize jirani, usimtume bodaboda akagonge mlango, na usibandike majina ya wadaiwa ukutani.

Usishikilie pia kitambulisho, simu au kadi ya benki ya mgonjwa kama dhamana. Nimeona kituo kimoja kikifanya hivyo na kubaki na droo ya vitambulisho ambavyo wenyewe walikwishavitolea taarifa ya kupotea na kupata vingine. Deni halikulipwa, na uhusiano ulivunjika.

Anayepiga simu asikilize kuliko kusema. Mtu akieleza kwamba ana msiba au mtoto amelazwa, mpe pole kwanza, kisha uliza ni kiasi gani anachoweza kutoa na lini, hata kiwe shilingi 5,000. Andika jibu lake kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe. Malipo madogo yanayoendelea ni dalili kwamba deni liko hai. Kimya cha wiki sita kinahitaji kushughulikiwa zaidi kuliko deni kubwa la mtu anayepokea simu.

Hatua ya nane: deni lililokomaa

Deni likivuka siku 90 bila malipo wala mazungumzo, kaeni daktari, mhasibu na mmiliki mliamue moja moja. Mengine yanahitaji mpango mpya, mengine punguzo kwa atakayemaliza mara moja, na mengine msamaha ulioandikwa na kusainiwa. Msamaha usitolewe dirishani na mtu mmoja, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuficha fedha iliyopokelewa bila risiti.

Kwa deni kubwa la mtu mwenye uwezo aliyekataa kulipa, tuma barua ya madai yenye siku 14, ukiambatisha nakala ya makisio aliyoyasaini. Asipojibu, Mahakama ya Mwanzo ipo na mashauri yake huendeshwa kwa Kiswahili. Madai yanayotokana na mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Nashauri njia hiyo itumike mara chache sana, kwani nauli na siku za kuhudhuria mara nyingi huzidi bili ya jino.

Ukipata habari kwamba mdaiwa amefariki, simamisha ujumbe wote siku hiyo hiyo, hasa ule unaotumwa na mashine yenyewe. Kituo kiende kutoa pole kama kitakavyokwenda kwa jirani yeyote, na faili lisifunguliwe mpaka arobaini ipite. Familia ikija yenyewe kuulizia deni la marehemu wao, kama wengi wafanyavyo, waonyeshe karatasi, punguza unachoweza kupunguza, na uwape risiti yenye jina la marehemu ili waende nayo kwenye kikao cha ukoo.